Makofi, kuzomea na kalamu ya mhakiki: onyesho la baleti likiisha, tumwamini nani?

Pazia_Jekundu

Wakuu, salaam.

Ule uzi wa baleti ya Swan Lake wasimamizi wameufunga, na wamefanya vyema maana ulikuwa umeshageuka ugomvi. Upande mmoja: ukumbi mzima ulisimama, makofi hayakatiki, basi onyesho lilikuwa bora na asiyekubali ana wivu. Upande wa pili umebandika uhakiki wa gazeti unaosema onyesho lilikuwa baridi, na asiyekubali hajui baleti. Tuhamie huku tuzungumze kistaarabu.

Yangu nayasema mapema ili mnipige vizuri. Hukumu ya usiku wa kwanza, iwe ya ukumbi au ya gazeti, haina maisha marefu. Kinachoishi ni maelezo: mguu ulikwenda wapi, muziki ulikuwa unasema nini wakati huo, wachezaji walijipanga vipi. Mhakiki anayenipa hivyo nitamsoma hata kama hatukubaliani. Anayenipa "zuri" na "baya" tupu hana alichomzidi jirani yangu wa kiti anayepiga mbinja.

Mfano ni hiyo hiyo Swan Lake. Ilichezwa mara ya kwanza Moscow, ukumbi wa Bolshoi, mwezi Machi 1877, miondoko ikiwa imetungwa na Julius Reisinger. Magazeti hayakuipenda. Waliilaumu miondoko kuwa dhaifu, na wapo walioulaumu muziki wa Tchaikovsky kuwa mzito, haufai kuchezewa. Leo tunawacheka kwa pamoja kana kwamba wote walikosea. Ngojeni kwanza. Miondoko ya Reisinger imepotea, hakuna aliyeona haja ya kuihifadhi. Karibu kila Swan Lake mnayoiona leo inatokana na ile ya St Petersburg ya 1895, ya Marius Petipa na Lev Ivanov, ambayo Tchaikovsky hakuiona kwa sababu alishafariki 1893. Kwa hiyo walioilaumu miondoko yaelekea walikuwa sahihi, na walioulaumu muziki ndio walioaibika.

The Nutcracker nayo, Desemba 1892. Wahakiki walinung'unika kwamba kipindi cha kwanza kimejaa watoto, na kwamba nyota wa baleti anasubirishwa hadi kipindi cha pili ndipo acheze. Someni tena hayo malalamiko. Ni maelezo sahihi kabisa! Watoto kweli wamejaa na nyota kweli anachelewa. Na ndiyo sababu familia zinajaza kumbi kila Desemba, hasa Marekani, tangu mtunzi wa baleti George Balanchine alipoweka yake New York mwaka 1954. Macho ya wahakiki yaliona sawa, hukumu yao ndiyo imepinduliwa.

Haya, karibuni.

---

Mzee wa Balkoni

Mleta mada umeanza vizuri, ila umewapendelea wahakiki. Umma umefanywa kama kelele tu. Mimi nakaa juu kabisa, viti vya bei ya chini, na kule juu kuna watu wameona baleti ya Giselle mara nyingi kuliko mwandishi yeyote aliyepewa tiketi ya bure. Warusi wa karne ya 19 walikuwa na kundi lao la wapenzi wa baleti waliokariri kila hatua. Waliweza kukwambia mchezaji fulani amepunguza mzunguko mmoja tofauti na wiki iliyopita. Hao utawaita kelele?

Na ukumbi ukikataa, hukataa kwa sababu. Paris, tarehe 29 Mei 1913, ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées, kundi la Ballets Russes la Sergei Diaghilev, baleti ya The Rite of Spring. Watu wakaona wacheza baleti wamegeuza vidole vya miguu ndani, magoti yamekunjwa, wanaruka na kutua kwa kishindo. Kila kitu ambacho baleti ilikuwa imekikataza kwa miaka mingi. Wakapiga kelele. Huo ni uhakiki, tena wa haraka kuliko wa gazeti lolote.

---

Fidla_Tatu

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo kwenye 1913 naomba nichangie kwa sababu sisi wa orkestra hadithi ile tunaibeba begani.

The Rite of Spring muziki ni wa Stravinsky, miondoko ya Vaslav Nijinsky, mapambo na mavazi ya Nicholas Roerich, kondakta Pierre Monteux. Kitu cha kwanza: siku moja kabla walifanya mazoezi ya mwisho mbele ya wageni waalikwa, na hakukutokea fujo. Cha pili: minong'ono ilianza mapema mno, wakati wa utangulizi, pazia halijafunguka. Kwa hiyo kusema umma "uliikataa miondoko" ni kurahisisha. Kelele zilipopanda wachezaji hawakusikia orkestra, na Nijinsky akawa amesimama juu ya kiti pembeni ya jukwaa akiwapigia hesabu kwa sauti. Monteux hakusimamisha. Ikachezwa hadi mwisho.

Sasa mtu ambaye hakusikia muziki, na huenda hakuona vizuri kwa sababu waliokaa mbele yake wamesimama wanagombana, amehakiki nini? Amehakiki ugomvi. Wiki chache baadaye London walicheza kazi ile ile na ukumbi ukatulia. Aprili 1914 muziki ukapigwa Paris bila densi na Stravinsky akabebwa mabegani.

Ila hapa ndipo namuunga mkono mleta mada kwa mikono miwili. Baleti ile ya Nijinsky haikufikisha maonyesho kumi, kisha ikatoweka. Miaka ya 1980 Millicent Hodson na Kenneth Archer waliijenga upya, ikachezwa na Joffrey Ballet mwaka 1987. Walitumia nini? Maandishi ya Marie Rambert, aliyekuwa msaidizi wa Nijinsky, kwenye kitabu cha noti. Michoro ya Valentine Gross aliyechora akiwa ukumbini. Na makala za magazeti za wakati ule. Makala aliyoiandika Jacques Rivière mwaka ule ule wa 1913 ni ndefu na inaeleza miili ile ilivyosogea na jinsi makundi yalivyojipanga. Mbinja za usiku ule hazikumsaidia mtu kupata hatua hata moja.

---

Mzee wa Balkoni

Fidla, nimekusoma. Lakini mbinja hizo ndizo zilizofanya watu watake kuijenga upya. Ingekuwa imepigiwa makofi ya adabu nani angeitafuta miaka 70 baadaye?

---

Fidla_Tatu

Hapo umenibana. Sina jibu.

---

Kisigino

Shikamoo Mzee wa Balkoni. Wengine hamjambo.

Mnaongea kama waliokaa upande mmoja tu wa pazia. Nimecheza safu ya nyuma kwenye kundi la baleti kwa miaka, kwa hiyo wacha niwaambie makofi yanavyosikika ukiwa jukwaani.

Kwanza, taa za mbele zinakupiga usoni na ukumbi ni giza. Huwaoni. Unawasikia tu. Masikio yanajifunza. Kuna kikohozi cha mtu mgonjwa na kuna kikohozi cha watu waliochoka, kile kinaambukizana, kinaanzia upande mmoja na kuhamia mwingine, na ukikisikia katikati ya densi ya wawili ya polepole unajua mmewapoteza. Ukimya nao una aina zake. Makofi yenyewe ndiyo yanayosema kidogo kuliko vyote, maana hujui wanampigia nani: mchezaji, mtunzi, au pesa walizolipa.

Pili, haya makofi ya kufuatisha mdundo wakati wa zile fuete 32, mizunguko ya mguu mmoja, za Odile, binti wa mchawi kwenye Swan Lake. Naomba muelewe kinachotokea. Mchezaji amesimama kwa ncha ya mguu mmoja, mguu wa pili unapiga mjeledi hewani, kichwa kinatangulia kurudi mbele kila mzunguko ili asipoteze mwelekeo. Anaishi ndani ya mdundo wa orkestra. Ukumbi ukianza kupiga makofi kwa mdundo, kwa kawaida unatangulia au unachelewa kidogo, na sauti ya watu elfu mbili inaifunika orkestra. Sasa afuate nani? Wapo wanaopata nguvu kwa hayo makofi, sikatai. Wapo wanaoyumba. Wenzangu wawili walikuwa wakiombea ukumbi ukae kimya mpaka wafike mzunguko wa mwisho.

Na ile namba 32 imetutesa sana. Mchezaji Pierina Legnani alizileta St Petersburg, akazicheza kwenye Cinderella mwaka 1893 na kisha kwenye Swan Lake ya 1895. Tangu hapo watu wanahesabu. Mwaka 2018 mchezaji wa Marekani Misty Copeland alicheza Swan Lake Singapore, hakumaliza fuete zote, akabadilisha kwa mizunguko ya kusafiri jukwaani. Mtu akaweka video mtandaoni na kumkejeli. Yeye akajibu kwa utulivu kwamba anajua udhaifu wake, na kwamba kazi hii si mashindano ya mizunguko. Waliokuwa wanahesabu hawakujali sehemu nyingine zote za onyesho.

---

Chokochoko

Mnaongea kama makofi ni kitu cha moyoni. Makofi yamenunuliwa tangu zamani, ndugu zangu.

Paris Opera ya miaka ya 1830, chini ya mkurugenzi Louis Véron, palikuwa na bwana mmoja anaitwa Auguste, mkuu wa wapiga makofi wa kulipwa. Alikuwa anahudhuria mazoezi, anakaa na mkurugenzi, wanapanga makofi yaanze wapi na yawe makubwa kiasi gani. Analipwa kwa tiketi ambazo anaziuza, na wachezaji nao wanamtunza. Vijana wake wanatawanywa ukumbini. Watazamaji wa kawaida wanafuata tu, kama tunavyofuata leo mtu wa kwanza kusimama. Hadi miaka ya karibuni Bolshoi pamekuwa na watu wa kazi hiyo hiyo.

Na msijifanye wahakiki ni malaika. Théophile Gautier, ambaye wengi wenu mnamheshimu kwa uhakiki wa baleti ya enzi za mapenzi na mizimu, ndiye aliyeshiriki kuandika hadithi ya Giselle mwaka 1841, akiwa amempenda Carlotta Grisi aliyecheza Giselle. Kisha akaiandikia Giselle makala gazetini kwake, La Presse! Hadithi yake, mpenzi wa moyo wake, gazeti lake. Halafu mnaniambia nimwamini mhakiki.

---

Pazia_Jekundu

Chokochoko, jina umelipata kihalali.

Ila Gautier ni shahidi wangu mimi. Mapenzi yake yamekufa naye, upendeleo wake tunaujua na tunaupunguza tunaposoma. Kilichobaki ni kwamba bila yeye tusingejua tofauti ya Marie Taglioni na Fanny Elssler kwa undani ule. Alimwita mmoja mchezaji wa Kikristo na mwingine mchezaji wa kipagani, na ukisoma anavyoeleza mikono, kiuno na uzito wa kila mmoja unaelewa alimaanisha nini. Mhakiki mwenye upendeleo anayeona vizuri namchukua kabla ya mwadilifu asiyeona.

---

NyotaYaUsiku

Mkuu, hiyo "kueleza mwili" unayoisifia ina upande mwingine, na sijaona mtu akiugusa.

Novemba 2010 Alastair Macaulay wa New York Times alihakiki The Nutcracker ya New York City Ballet. Akaandika kwamba Jenifer Ringer, aliyecheza malkia wa peremende, alionekana kama amekula peremende moja zaidi ya alizostahili. Na mwenzake wa kiume naye akapigwa dongo la aina hiyo. Ringer alikuwa ameshazungumza hadharani kuhusu kuugua maradhi ya ulaji. Wasomaji waliwaka. Macaulay akajibu kwa makala nyingine, hoja yake ikiwa kwamba baleti ni sanaa ya mwili unaoonekana, na asiyetaka sura yake izungumzwe asichague kazi hiyo.

Sasa Pazia_Jekundu, kwa kipimo chako Macaulay ameeleza mwili. Umempitisha?

---

Pazia_Jekundu

Hapana, dada. Hajaeleza. Ametania. Niambie, kwa sentensi ile unajua nini kuhusu jinsi Ringer alivyocheza usiku ule? Alichelewa kwenye muziki? Alishindwa kuinuliwa? Mikono yake ilikuwaje? Hakuna. Umebaki na mzaha wa peremende. Kama mwili ulizuia densi, aseme ulizuia wapi. Kama haukuzuia, hapakuwa na la kusema.

---

Kisigino

Pazia umejibu kirahisi mno. Hata angeeleza kwa adabu zote, msichana wa miaka 15 anayesoma gazeti lile angeelewa kitu kimoja tu. Uzito ni neno tunalosikia studio kila siku, na mhakiki anajua hivyo.

---

Mzee wa Balkoni

Marahaba Kisigino, nilichelewa kuitikia.

Mimi kwenye hili nipo katikati na najua nitapigwa. Macaulay aliandika vibaya, lakini hoja yake ya pili si ya kutupwa. Makundi yenyewe ndiyo yanayochagua miili kwa umbo, yanapima, yanakataa watu kwa umbo, halafu mhakiki akilitaja umbo makundi hayo hayo yanalia. Hasira zetu zingeanzia kwenye chumba cha usaili. Gazeti linafuata.

---

NyotaYaUsiku

Zianzie kote kuwili, Mzee. Hazina uhaba.

---

Chokochoko

Ngojeni niwape wasanii waliochoka kulia.

Februari 2023, Hannover, Ujerumani. Marco Goecke, mkurugenzi wa baleti wa nyumba ya opera pale, alikutana na mhakiki Wiebke Hüster wa Frankfurter Allgemeine Zeitung wakati wa mapumziko ya onyesho. Hüster alikuwa ameandika kwamba kazi yake mpya aliyoifanyia Nederlands Dans Theater inamfanya mtazamaji ama apate wazimu ama afe kwa kuchoshwa. Goecke akatoa mfuko wa kinyesi cha mbwa wake akampaka mama wa watu usoni. Kazi akaipoteza siku chache baadaye.

Kabla hamjauliza: ndiyo, ni kweli.

---

Fidla_Tatu

Ni kweli kabisa, na ni aibu. Nilichokiona cha ajabu ni watu waliosema "lakini uhakiki ulikuwa mkali". Ukali wa maneno hauna uwiano wowote na kumshika mtu mwilini. Mtu anayecheza au kutunga ana haki ya kukasirika, kujibu gazetini, kukataa kusalimia. Hapo basi.

Ukitaka ukali wenye akili, upo. Oktoba 1957 mtunzi wa densi Paul Taylor alionyesha New York kazi zake saba mpya. Kwenye mojawapo yeye na mwenzake hawakusogea kabisa, mmoja kasimama mwingine kakaa, hadi pazia. Watu wengi waliondoka ukumbini. Mhakiki Louis Horst akauandika uhakiki wake kwenye jarida la Dance Observer: nafasi tupu, nyeupe, na chini yake herufi za jina lake. Basi. Hakumgusa mtu, hakumtukana mtu, na watu bado wanausimulia.

---

Mzee wa Balkoni

Huo sasa ndio uhakiki ulioeleza kilichotokea jukwaani bila kuongeza kitu. Mleta mada afurahi.

---

Pazia_Jekundu

Nimefurahi sana. Na Taylor aliendelea kutunga kwa miaka 60 baada ya pale, kwa hiyo nafasi tupu haikumuua.

Nitaje na upande wa pili wa hilo: kuna mhakiki aliyeandika bila kuona. Arlene Croce, New Yorker, mwishoni mwa 1994. Mtunzi wa densi Bill T. Jones alikuwa na kazi iitwayo Still/Here, iliyotokana na warsha alizofanya na watu wenye magonjwa ya kuua. Croce akaandika makala ndefu akisema hakuiona na hana mpango wa kuiona, kwa sababu watu wa namna ile mtu hawezi kuwahakiki, anaweza kuwahurumia tu. Yalizuka mabishano makubwa. Croce alikuwa na jicho kali kuliko wengi wa kizazi chake, hasa kwa kazi za Balanchine, na ndiyo maana makala ile inaniuma. Swali lake kuhusu huruma na hukumu lilikuwa halali. Ila angenunua tiketi. Wachezaji wa Jones walikuwa wachezaji wa kazi, walitunga, walifanya mazoezi, walicheza. Palikuwa na miili ya kueleza, na yeye alikuwa na uwezo wa kuieleza.

---

Mgeni_Jukwaani

Habari wakubwa. Nasoma kimyakimya tangu juzi. Naenda kuona baleti kwa mara ya kwanza, ni Giselle. Samahani kwa swali dogo kati ya nondo zote hizi: makofi yanapigwa lini? Naogopa kupiga peke yangu.

---

Kisigino

Karibu mdogo wangu, swali si dogo. Kondakta akiingia, piga. Mchezaji akimaliza densi yake ya peke yake na kuinama kwa heshima, piga. Densi ya wawili ikiisha, piga. Mwisho wa kipindi, piga. Baadhi ya kumbi, hasa Marekani, hupiga hata nyota anapotokea tu, kabla hajafanya lolote. Huko Urusi mchezaji anaweza kutoka nje ya hadithi akarudi kuinama mara mbili tatu, halafu hadithi inaendelea.

Kwenye Giselle, mwisho wa kipindi cha kwanza anapopatwa na wazimu na kufa, usikimbilie makofi. Acha pazia lishuke.

---

Mzee wa Balkoni

Na usiogope kutopiga. Makofi si kodi. Vienna, mwaka 1964, nyota wawili wa baleti, Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev, waliitwa mbele ya pazia mara 89 baada ya Swan Lake. Ni sawa, walistahili, lakini siku hizi ukumbi mzima unasimama kila onyesho hadi kusimama hakuna maana tena.

---

NyotaYaUsiku

Mzee, hata kwa hao hao Fonteyn na Nureyev makofi yalificha jambo. Februari 1965 London, Romeo and Juliet ya mtunzi Kenneth MacMillan kwa mara ya kwanza: waliitwa mara 43, makofi dakika 40. Lakini MacMillan aliitunga kwa miili ya wachezaji Lynn Seymour na Christopher Gable, wakapokonywa usiku wa ufunguzi kwa sababu za biashara. Umma ulishangilia bila kujua kwamba kila mkunjo wa Juliet ulitoka kwa mtu mwingine.

---

Fidla_Tatu

Naongeza hapo MacMillan huyo huyo. Baleti yake ya Manon ya 1974 baadhi ya magazeti yaliipokea kwa dharau: mhakiki mmoja alisema shujaa wa kike ni malaya na wa kiume ni mjinga. Kama muhtasari wa hadithi hajakosea sana, ha ha. Leo wachezaji wakubwa karibu wote wanaitamani Manon. Inarudi kule kule kwa mleta mada: walichokiona kilikuwepo, walichokiamua hakikudumu.

---

Chokochoko

Sawa, nimechoka kusikia "maelezo, maelezo". Pazia_Jekundu, wewe mwenyewe tuonyeshe. Huyu mgeni anakwenda kuona Giselle. Mwelezee sehemu moja, sekunde 30 tu, bila kusifu wala kuponda. Tuone kama inawezekana.

---

Pazia_Jekundu

Changamoto nimeipokea. Kipindi cha pili, Giselle anapotoka kaburini.

Anatembea hadi kwa Myrtha, malkia wa mizimu, kichwa kimeinama, mikono imekunjwa kifuani. Anasimama. Myrtha anainua tawi. Mara mwili ambao ulikuwa hausogei unaanza kuzunguka kwa mguu mmoja, mguu wa pili umenyooka nyuma, unaruka kidogo kidogo huku unazunguka, kasi moja, kichwa hakitafuti mbele kama kwenye fuete. Kisha unasimama na kuondoka kwa miruko. Kwa sekunde zile uso hauna kazi. Inaonekana kana kwamba anazungushwa na mtu mwingine.

---

Chokochoko

"Inaonekana kana kwamba anazungushwa na mtu mwingine." Hiyo ni sifa. Umefeli.

---

Kisigino

Si sifa, ndiyo maelekezo yenyewe. Tuliambiwa hivyo hivyo mazoezini: usizunguke, zungushwa. Akianza kuonyesha kwamba anajitahidi, sehemu imeharibika. Kwa hiyo Pazia kaeleza alichokiona na kweli ndicho kilichokusudiwa. Ila umeacha kitu: mguu wa chini. Kisigino kinagusa chini kila mruko. Wengi wanakosea hapo, wanabaki juu ya nusu ncha.

---

Fidla_Tatu

Na ameacha muziki. Orkestra inapanda kasi pale ghafla. Kondakta akienda taratibu mzunguko ule unakuwa wa mtu anayejizungusha, hata mchezaji awe nani. Mgeni, sikiliza fidla zinapoanza kukimbia, ndipo utazame miguu.

---

Mgeni_Jukwaani

Asanteni. Kwa hiyo hapo napiga makofi au sipigi?

---

Mzee wa Balkoni

Wengi watapiga. Ukipiga utaukosa mruko unaofuata.

---

Kisigino

Subiri atoke jukwaani. Na ukirudi tuandikie, ila uanze na miguu.